Nafasi Kati ya Maneno: Urithi wa Taipureta katika Kompyuta Zetu

Matangazo ya kazi ya katibu muhtasi serikalini Tanzania yamekuwa na sharti ambalo sisi wahazili tunalijua kwa moyo: mwombaji awe amefaulu hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika moja, na awe amepata mafunzo ya kompyuta katika chuo kinachotambuliwa na Serikali. Mwendo wa mkono unatajwa. Programu zinatajwa. Kupanga ukurasa hakutajwi, kana kwamba mtu akishajua kubonyeza herufi basi mistari itajipanga yenyewe.

Haijipangi. Nilianza uhazili enzi za stensili, nikafundisha vijana kazi hiyo, na sasa nina meza yangu katika steshenari mjini Morogoro. Nyaraka zinazoletwa mezani pangu zimepinda kwa namna zilezile: tarehe ya barua iliyodondokea mstari wa chini, orodha ya majina isiyonyooka, nukta za ukurasa wa yaliyomo zinazoishia kila moja mahali pake, aya zenye matundu meupe katikati. Kasoro hizi zina asili. Zilitoka mahali, zikapita mikononi mwa watu, zikafika kwetu, na mtu akizifuata hadi chimbuko lake, kuzinyoosha huwa kazi ndogo.

Pwani yetu ilikuwa na mabingwa wa mpangilio muda mrefu kabla ya mashine yoyote ya kuandikia. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo kule Pate mwaka 1728, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama tenzi nyingine za zama hizo. Katika miswada mingi ya tenzi, ubeti mzima wa vipande vinne hukaa katika mstari mmoja au miwili, na kati ya kipande na kipande mwandishi huweka alama ndogo ili jicho lijue pa kupumzika. Kipande kimoja kikiwa kifupi kuliko mwenzake, mwandishi hakuhitaji kuacha pengo. Herufi za Kiarabu zimeunganishwa, na kile kiungo kati ya herufi na herufi huweza kuvutwa kidogo hadi neno lijaze mahali pake. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mshairi, mchonga mbao na mwandishi wa hati nzuri, alinakili tenzi namna hiyo kwa wataalamu wa Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na baadhi ya miswada yake imehifadhiwa London. Huko pwani, basi, mstari ulinyooshwa kwa kuvuta herufi, na nafasi kati ya maneno ikaachwa ilivyo.

Herufi za Kirumi hazivutiki. Zilipokuja na matbaa, kazi yote ya kunyoosha ilihamia kwenye nafasi. Askofu Tozer na Edward Steere wa misheni ya UMCA walifika Zanzibar mwaka 1864, na misheni yao ikawa na mtambo mdogo wa kuchapia. Waliofundishwa kuutumia walikuwemo vijana waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Ningependa wahazili wote wajue jambo hili: miongoni mwa mikono ya kwanza kupanga Kiswahili kwa herufi za risasi ilikuwa mikono ya vijana hao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpangaji alishika mkono wa kushoto kibao cha chuma chenye kingo tatu. Mkono wa kulia ulichukua herufi moja moja kutoka kwenye sanduku lenye vyumba vingi na kuzisimamisha kibaoni, vichwa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Nafasi kati ya neno na neno ilikuwa kitu cha kushika: kipande cha risasi kifupi kuliko herufi, kifupi ili wino usikiguse. Mstari ukikaribia kujaa na neno linalofuata haliingii, mpangaji alirudi nyuma akaongeza vipande vyembamba kati ya maneno, kimoja hapa kimoja pale, mpaka mstari ukakaza. Kukaza huko hakukuwa urembo. Ukurasa mzima ulifungwa kwa nguvu ndani ya fremu ya chuma, na mstari uliolegea ungeachia herufi zianguke au zipande juu wakati wa kuchapa. Hiyo ni sababu mojawapo ya vitabu vya zamani kuwa na kingo mbili zilizonyooka, kushoto na kulia. Hata mistari mifupi ya mashairi ilijazwa risasi upande wa kulia mpaka ikakaza.

Mwaka 1886 gazeti la New York Tribune lilianza kutumia mtambo wa Ottmar Mergenthaler, Linotype, ambao ulisubu mstari mzima kwa mpigo mmoja. Ndani yake nafasi ilikuwa kabari ya chuma, nyembamba juu na nene chini. Mstari ukishajaa, kabari zote zilisukumwa juu kwa pamoja, na maneno yakaachana kwa kipimo kilekile mpaka mstari ukajaa. Nalipenda wazo hilo kuliko mengi yaliyofuata, kwa sababu hakuna nafasi iliyopendelewa.

Taipureta iliyavunja yote hayo. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, alipata hataza mwaka 1868, na kiwanda cha Remington kikaanza kuuza mashine yake mwaka 1874. Chuma cha taipureta kinachobeba karatasi kinasogea hatua moja kwa kila pigo, na hatua zote ni sawa. Kwa hiyo herufi i, ambayo ni kijiti tu, ilipewa upana uleule wa m. Mashine ya pica ilipiga herufi 10 kwa inchi moja, ya elite 12, na kwa urefu mistari 6 kwa inchi. Wachapaji waliona sura hiyo mbaya, na kweli ni mbaya kwa kitabu. Kwa ofisi ilikuwa neema, maana ukurasa ukageuka hesabu.

Chuo cha Uhazili Tabora kilitufundisha hesabu hiyo mpaka ikaingia vidoleni. Karatasi ya A4 ina mapigo 82 ya pica kwa upana, kwa hiyo katikati yake ni 41. Kuweka kichwa cha habari katikati, unahesabu herufi na nafasi zake. TAARIFA YA MWAKA ni mapigo 16. Nusu yake ni 8. Unapeleka chuma kwenye 41, unarudi nyuma mara 8, unaanza kupiga kwenye 33. Hukosei. Pambizo ziliwekwa kwa vishikizo viwili vya chuma, na kabla ya kufika pambizo ya kulia kengele ililia kukuonya kuwa zimebaki herufi chache: amua sasa kama neno litaingia au utalikata. Kisha unasukuma mkono wa mashine kurudi kushoto, na karatasi inapanda mstari mmoja. Kila mstari uliishia kwa uamuzi wa mpigaji. Baada ya nukta tuliweka nafasi mbili, kwa sababu katika herufi za upana mmoja nukta huelea peke yake na jicho linaweza kuipita. Aya ilianza kwa mapigo matano ndani. Tarehe ilisukumwa kulia kwa kitufe cha nafasi, na orodha zilinyooka zenyewe ukihesabu vizuri. Kila moja ya desturi hizi ilikuwa sahihi kwa mashine ile.

Jambo moja taipureta haikuweza: kunyoosha ukingo wa kulia. Hata hivyo tulilifanya kwa stensili za majarida ya ofisi, na nataka kulieleza kwa sababu vijana hawaliamini. Unapiga kwanza rasimu nzima kwa mistari ya mapigo 60. Mstari ukiishia kwenye 57, unajaza vijistari vitatu vya mshazari hadi 60. Kisha unapitia rasimu kwa penseli na kugawa zile tatu: alama baada ya neno la pili, la tano, la saba, na mstari unaofuata unazigawa mahali pengine ili matundu yasipangane wima. Baada ya hapo unatia stensili mashinani, unaondoa utepe ili herufi zikate nta, na unapiga upya ukurasa mzima ukiongeza nafasi pale penye alama. Ukikosea, unapaka dawa ya kusahihishia, unasubiri ikauke, unapiga juu yake kwa upole. Ndipo stensili inakwenda kwenye mashine ya kudurufu. Ukurasa mmoja ulipigwa mara mbili ili ukingo wa kulia unyooke, na wakubwa waliuona wakasema umependeza.

Sasa tuje kwenye kompyuta, na hapa historia ya nchi yetu ina uzito wake. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa baadaye, hatua kwa hatua. Wakati huo ndipo huko Marekani programu za kuandikia zilipozaliwa: Bravo katika maabara ya Xerox mwaka 1974, WordStar mwaka 1978, WordPerfect ya akina Alan Ashton na Bruce Bastian wa Utah, kisha Microsoft Word mwaka 1983. Wenzetu huko waliingia kompyuta kidogo kidogo, wakijifunza na kusahau desturi za zamani programu moja baada ya nyingine. Kwa maoni yangu, ofisi zetu hazikupata muda huo. Sisi tulivushwa kutoka taipureta ya Olympia yenye utepe hadi skrini, na wengi tulipewa mafunzo mafupi ya namna ya kuwasha, kuhifadhi na kuchapisha. Vidole vilikwenda na elimu viliyokuwa nayo.

Nakumbuka WordPerfect kwa heshima. Skrini yake ilikuwa ya bluu, herufi nyeupe, haina picha wala vitufe vya rangi. Ilikuwa na kitu kimoja ambacho hadi leo nakiona ni bora: ukibonyeza funguo fulani, nusu ya chini ya skrini ilifunguka na kuonyesha maandishi yako pamoja na amri zote zilizofichwa ndani yake. Palipopigwa Tab paliandikwa. Mstari uliokatwa na mkono wako ulionyesha HRt, na uliokatwa na programu ulionyesha SRt. Kwa mpiga chapa huo ulikuwa ufunuo: mashine sasa inakata mistari yenyewe, na kukata kwako wewe kuwe kwa mwisho wa aya tu. Aliyejifunza kusoma nusu ile ya chini hakuharibu waraka tena.

Word ilipotawala ofisi, kuanzia toleo la Windows la mwaka 1989 na yaliyofuata, dirisha lile likatoweka. Badala yake ukurasa ulionekana kama karatasi halisi. Uzuri huo ulikuja na hasara, maana karatasi haionyeshi kilicho ndani yake. Nafasi ishirini zilizopigwa kwa kidole na kituo kimoja cha Tab huonekana sawa kwenye skrini, mpaka mtu abadilishe fonti au afungue waraka kwenye kompyuta nyingine.

Tazama orodha ya majina. Kwenye taipureta unapiga Ali, kisha nafasi 17, kisha kijiji anachotoka. Mstari wa pili unapiga Mwanamkuu, nafasi 11, kisha kijiji. Jumla ni 20 kwa 20, na vijiji vimesimama wima. Fanya hivyohivyo kwa Times New Roman ya pointi 12, ile fonti iliyoundwa kwa gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Humo nafasi ina upana wa pointi 3, i ina pointi 3 na kidogo, m ina zaidi ya 9. Ali na nafasi zake 17 anafika kama pointi 66. Mwanamkuu na nafasi zake 11 anafika kama 96. Kijiji cha Mwanamkuu kimesimama zaidi ya sentimita moja kulia kwa kijiji cha Ali. Mwandishi anaongeza nafasi kumi kwa Ali kuvinyoosha, na kwa kuwa nafasi kumi ni pointi 30, vijiji hivi viwili vinalingana, lakini kwa bahati tu; jina la tatu likija, bahati hiyo haipo. Anaongeza moja, imezidi. Anapunguza, imepungua. Watu wamekesha na jambo hili. Hesabu ya Tabora haifanyi kazi pale ambapo herufi zina upana tofauti, na kwa majina mengi hakuna idadi ya nafasi itakayoinyoosha orodha nzima sawasawa. Dawa yake ni kituo kimoja cha Tab kilichowekwa kwenye rula juu ya ukurasa, au jedwali lisilo na mistari. Tarehe inayotakiwa kulia ina kituo chake cha kulia. Nukta za ukurasa wa yaliyomo nazo zina kituo chao, kinachojaza nukta chenyewe hadi kwenye namba.

Urithi huu haurithiwi na sisi wazee tu. Kijana mmoja wa chuo kikuu aliniletea tasnifu yake kwenye flashi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba unifanyie jastifai. Msimamizi amesema kurasa zimekaa vibaya, nami nikibonyeza hazikubali.”

Jastifai ni kunyoosha kingo zote mbili, kushoto na kulia. Niliifungua tasnifu nikawasha alama zilizofichwa. Mwisho wa kila mstari, ukurasa mzima, alikuwa amepiga Enter. Kwa programu, kila mstari ulikuwa aya inayojitegemea, na mstari wa mwisho wa aya haunyooshwi, kwa hiyo hakukuwa na mstari hata mmoja wa kunyoosha. Nilimuuliza nani alimfundisha kuandika. Dada yake, katibu muhtasi. Na dada yake alifundishwa na nani? Na mkuu wake wa kazi, mama wa rika langu. Kijana huyu hajagusa taipureta maishani mwake, na bado mkono wake ulikuwa unasukuma chuma kurudi kushoto kila kengele ilipolia.

Alama niliyoiwasha ni hii: ¶. Ina umri mkubwa kuliko matbaa. Waandishi wa Ulaya ya kale waliitumia kuonyesha fungu jipya la maneno linapoanzia, na kazi ya kuichora, mara nyingi kwa wino mwekundu, ilikuwa ya fundi mwingine aliyekuja baadaye. Mwandishi alimwachia pengo. Vitabu vilipoongezeka baada ya matbaa ya Gutenberg, pengo mara nyingi lilibaki bila kujazwa, na wasomaji wakalizoea lilivyo. Hapo ndipo zilipotoka nafasi tano za kuingiza aya tulizofundishwa Tabora. Katika Word alama hiyo imerudi na kazi mpya: ndani yake ndimo unamohifadhiwa mpangilio wote wa aya, yaani upande inakolalia, umbali kati ya mistari, nafasi kabla na baada yake. Ukiifuta, aya mbili huungana na mojawapo hupoteza sura yake. Watu wengi hulalamika kwamba kompyuta imewabadilishia aya bila sababu. Sababu ilikuwepo, waliifuta bila kuiona. Funguo za Ctrl, Shift na 8 zikibonyezwa pamoja huionyesha, pamoja na kila nafasi kama nukta ndogo na kila Tab kama mshale. Ni lile dirisha la WordPerfect kwa sura nyingine, na mimi sifungui waraka wa mtu bila kuliwasha.

Kuhusu jastifai yenyewe nina maneno, maana watu wanaipenda kupita kiasi. Ukingo wa kulia ulionyooka umebaki akilini mwetu kuwa alama ya kazi rasmi, kwa sababu vitabu vilikuwa hivyo, na sababu mojawapo ya vitabu kuwa hivyo ni kwamba herufi za risasi zilihitaji kukaza. Kiswahili kinaumia zaidi hapa. Neno letu moja hubeba sentensi nzima: hatukuwakaribishia, wasipotuhudumia, yanayowasababishia. Neno la namna hiyo lisipoingia mwisho wa mstari, linashuka lote, na maneno matatu au manne yaliyobaki yanavutwa mpaka yaguse ukingo. Mstari unaofuata unafanya hivyohivyo. Matundu yakipangana juu kwa juu, ukurasa unapata mito myeupe inayotiririka wima, na jicho la msomaji linatumbukia humo. Kwenye safu nyembamba, kama za majarida, hali huwa mbaya zaidi.

Wachapaji wa risasi walilijua tatizo hilo na dawa yao ilikuwa kukata neno kwa kistari. Mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth na mwenzake Michael Plass walionyesha mwaka 1981 kwamba kompyuta inaweza kupima aya nzima kwa pamoja kabla ya kuamua mstari wa kwanza uishie wapi, na mwanafunzi wa Knuth, Frank Liang, akatengeneza mwaka 1983 njia ya kuifundisha mashine mahali pa kukata maneno ya lugha yoyote. Kiswahili ni rahisi kukatwa kuliko Kiingereza. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo ha-tu-ku-wa-ka-ri-bi-shi-a hukatika karibu popote penye kistari. Unachunga vichache: usitenganishe mb, nd, ny, ng', sh wala dh, usiache herufi moja peke yake, na yaangalie maneno kama labda na maktaba. Hata hivyo, kwenye kompyuta za ofisi nilizofanyia kazi, ukataji wa maneno ya Kiswahili haukuwemo, na kama ukiwashwa, programu ilikata kwa kanuni za Kiingereza na kuharibu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na ilikuwa hatua ya kujivunia. Menyu tulizipata. Kistari cha mwisho wa mstari bado tunakidai.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: barua na taarifa za Kiswahili zilale kushoto, ukingo wa kulia uachwe huru. Jastifai ibaki kwa vitabu vyenye mistari mirefu na mtu wa kuikagua. Na mashairi yasiguswe nayo kabisa. Nimeona diwani iliyoandikwa kwa Shift na Enter mwisho wa kila mstari, kisha ikapigwa jastifai. Programu iliuona ubeti mzima kuwa aya moja, ikavuta kila mstari mpaka ukutani, na shairi lenye mizani kamili likaonekana kama limetoboka. Mtunzi alidhani ameharibu vina. Vina vilikuwa salama. Tuliligeuza liegemee kushoto, tukaweka ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mstari, kwenye vituo vya Tab, vina vya kati vikasimama wima kama alivyovisikia alipotunga.

Waraka uliopinda nauanza kwa kutengeneza nakala yake, nisije nikaharibu ya mwenyewe. Nawasha alama zilizofichwa na kuusoma kwa macho ya kukagua, bila kugusa kitu. Halafu natumia kutafuta na kubadilisha: natafuta nafasi mbili naweka moja, narudia mpaka programu iseme hakuna iliyobaki. Hizo nafasi mbili baada ya nukta zinaondoka hapohapo. Word yenyewe tangu mwaka 2020 huzihesabu kuwa kosa katika Kiingereza. Kisha ^p^p, yaani alama mbili za ¶ mfululizo, naigeuza ^p, ili mistari mitupu iliyopigwa kwa Enter iondoke, na umbali kati ya aya naupanga ndani ya aya yenyewe. Kama mstari kwa mstari kuna Enter, lazima kwanza nitofautishe mwisho wa kweli wa aya na mwisho wa uongo, na hiyo ni kazi ya kusoma, haina njia ya mkato. Aya sugu naiteua na kubonyeza Ctrl na Q, inarudi kwenye mpangilio wa mtindo wake. Vichwa vya habari navipa mtindo wa vichwa, ili yaliyomo yajitengeneze. Na mahali kama Sh. 20,000 au Na. 5, naweka nafasi isiyokatika kwa Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi, fedha isiachane na namba yake mwisho wa mstari.

Umbali usioeleweka kati ya aya una chanzo kingine ambacho si cha taipureta. Tangu Word ya mwaka 2007, aya huja zikiwa tayari na pointi kadhaa za nafasi baada yake, pointi 10 katika toleo hilo na 8 katika la 2013, na mistari imeachanishwa zaidi ya kawaida. Anayepiga Enter mara mbili juu ya hapo anapata pengo la kuegesha mstari mwingine. Anwani ya barua ndiyo inayoumia: sanduku la posta linajitenga na jina la ofisi. Fungua mpangilio wa aya, weka sifuri kabla na baada, kazi imekwisha.

Ninawaomba wakufunzi wa uhazili na walimu wote wa kompyuta: kabla hamjampima mwanafunzi mwendo wake, mpeni siku nzima ya vituo vya Tab, alama ya ¶ na mitindo, mkimweleza kila desturi ilitoka kwenye mashine gani na kwa nini mashine hii haiihitaji. Wataalamu wetu wa lugha nao wakae na waunda programu, kanuni za kukata silabi zetu ziingie kwenye kompyuta zinazouzwa hapa. Nawe unayesoma, fungua waraka wako wa mwisho, bonyeza Ctrl, Shift na 8, uone ulichoandika.